Ghati Marwa na Nyumba ya Kinvarrie

Watu wenye vyeo siwapendi, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Nimekulia Tukuyu, na nimeona mtu akipata udiwani Jumatatu, kufika Ijumaa hamjui tena kinyozi wake. Kwa hiyo mtu angeniambia miaka mitatu iliyopita kwamba nitakaa chini niandike habari za ukoo wa malodi wa Uskoti, ningemwuliza amekunywa nini. Siandiki kwa ajili yao. Naandika kwa ajili ya Ghati Marwa, jirani yangu hapa Adelphi, Maryland, Marekani, mlango wa pili ukipanda ngazi.

Ghati ana miaka hamsini na saba. Ni mwanamke wa Kikurya, wa Tarime, mrefu, mkavu, na anatembea kama mtu anayewahi mazishi. Kazi yake ni kulea wazee majumbani mwao. Wengi wetu hapa tumeipitia kazi hiyo. Mimi niliifanya miezi minne, nikakimbilia ghala moja la Landover, kwa kuwa maboksi yana faida yake: hayakuulizi mara sita kwa saa kama leo ni Jumapili. Ghati ameifanya miaka kumi na sita, na sijamsikia hata siku moja akimsema mzee wake. Siku ya kwanza katika nyumba mpya, kabla hajauliza habari za dawa wala za bafu, huuliza, "Kwenu ni wapi, na mlizaliwa wangapi?" Mzee akishajibu, Ghati ameyaweka kichwani na hayatoki. Wapo wazee waliokwishafariki zamani ambao mpaka leo anaweza kukutajia dada zao kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Ndiyo maana ilinichukua muda kugundua kwamba yeye mwenyewe hasemi neno juu ya kwao. Kwenye misiba na harusi zetu, watu wakianza kuulizana wewe ni mtoto wa nani, Ghati alikuwa anasimama kwenda kuangalia wali. Ukimwuliza habari za baba yake, alikuwa anakuuliza kama umeshakula. Nilidhani ni ukorofi wa Kikurya tu. Sikumbana, kila mtu ana lake.

Miaka mitatu iliyopita alipelekwa Springfield, Virginia, kwa bibi mmoja aitwaye Elspeth Kinvarrie. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na tisa, mwalimu mstaafu wa muziki, hajaolewa maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yameharibika kwa namna ya ajabu: pembeni aliona, katikati hakuona kitu. Akitaka kukuona uso ilimbidi atazame sikio lako. Ghati alikuwa analala kule siku nne za wiki, kisha anarudi Adelphi kwa treni mbili na basi moja, na mimi ndipo napata habari.

Habari zenyewe zilikuwa za ukoo. Bibi Elspeth alikuwa anaandika kitabu cha historia ya familia yake, na macho yalikuwa yamemkatisha katikati. Chumba kizima kilijaa makaratasi. Ghati akawa msomaji wake. Asubuhi baada ya uji alikaa na kioo cha kukuzia maandishi, akasoma kwa sauti, Bibi akasahihisha, Ghati akaandika. Kilichonichekesha ni kwamba yale majina ya Kiskoti yanayowashinda Wamarekani, yenye sauti za kukwaruza koo, Ghati aliyatamka bila taabu. Bibi Elspeth alimwambia kwamba tangu baba yake afariki hajasikia mtu akilitaja ziwa la kwao sawasawa.

Hivyo nikaufahamu ukoo wa Kinvarrie kuliko ninavyoufahamu wa mashemeji zangu. Ghati alinisimulia mambo yao kama habari za mtaani. Siku moja alinipigia simu akaniambia, "Mama Gwakisa, unajua yule Archibald amekufa?" Nikampa pole, nikauliza alikuwa anaumwa nini. Kumbe amekufa mwaka 1659.

Wa kwanza wao alipewa ulodi, cheo cha kurithi, mwaka 1609, kwa sababu alimficha mjumbe wa mfalme siku mbili ndani ya tanuri la mikate. Wa pili, huyo Archibald, alikuwa mtu wa vita na nyumbani hakukaa. Wa tatu, James, alikuwa mjenzi. Alijenga daraja, shule na kinu cha kusagia shayiri, na wanawe wakapanda hadi kuitwa Erli, cheo kilicho juu ya Lodi. Kisha mwaka 1745 wakajiunga na upande ulioshindwa vitani. Mfalme akafuta vyeo vyote viwili, akachukua ardhi, na kijana mmoja wa nyumba hiyo akapanda meli kuja Virginia kufanya biashara ya tumbaku. Hapo ndipo walipoanzia Kinvarrie wa Marekani. Leo Lodi hayupo, Erli hayupo, na kasri lao, kwa jinsi Ghati alivyoliona pichani, ni kuta mbili na kondoo wa mtu mwingine.

Tumbaku haikujilima. Siku Ghati alipofika kwenye orodha ya mali ya yule wa Virginia, alikuta majina ya watu yameandikwa chini ya farasi. Aliacha kusoma. Bibi Elspeth akamwambia, "Soma yote, Ghati. Polepole." Akayasoma, majina thelathini na moja, na Bibi akaagiza yaingie kitabuni moja moja, kwenye ukurasa wao wenyewe, na pasiwe na farasi hapo. Ghati aliniambia siku ile ndiyo alianza kumpenda yule mama. Mimi nilikuwa nimejiandaa vizuri sana kumchukia, ikabidi ninyamaze.

Bibi Elspeth hakuzaa, lakini ana mtoto. Mwaka 1970 jirani yake alifariki akaacha binti wa miaka mitano, hana baba wala ndugu wa kumchukua. Elspeth, mwanamke asiye na mume, mshahara wa ualimu, akamchukua yeye, akamwandikisha kwa hakimu kuwa mwanawe, akampa jina lake. Binti huyo ni Jean. Sasa naye ni mtu mzima wa miaka sitini, mpeleka barua, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, na kila Jumapili yupo Springfield kumwosha mama yake nywele. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi hiyo Bibi Elspeth aliifanya ikaonekana.

Sasa, ukoo huo una jumuiya yake. Binamu wa Virginia na Maryland hukutana kila mwezi wa kumi katika ukumbi mmoja Alexandria. Wana karatasi kubwa ya nasaba, kila jina chini ya mzazi wake, na desturi yao ni hii: kwanza nasaba huandikwa kwa penseli, siku ya mkutano wote waliohudhuria huitazama, na baada ya chakula mwenyekiti huipitia kwa wino. Kilichopitiwa kwa wino hakiguswi tena. Mwaka jana nasaba ile ilikuwa ichapwe kitabu, mara ya kwanza katika miaka sitini. Mwenyekiti, Bwana Malcolm Kinvarrie, mwanasheria mstaafu wa Richmond, aliwatumia wanachama nakala wiki sita kabla.

Ghati aliifungua bahasha mezani akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida yake, na alikuwa ameshaumaliza mstari kabla hajajua anasoma nini. "Elspeth. Hakuolewa. Hakuacha mtoto."

"Hakuacha?" Bibi akauliza. "Kwani nimeshaondoka?"

Akaomba apigiwe Malcolm simu, na Ghati akaiweka mezani isikike. Bwana Malcolm alikuwa na adabu zake zote. Alisema maneno yale huwekwa kwa wote waliovuka umri fulani, ili kitabu kisichakae mapema. Kuhusu Jean alisema kanuni ni ya zamani, hata yeye ameikuta: nasaba ni ya damu. Watoto wa kulelewa wanakaribishwa sana kwenye chakula. "Damu ni damu, Elspeth," alisema, na akamtakia siku njema.

Bibi Elspeth alikaa siku mbili hataki kula. Siku ya tatu alimwambia Ghati, "Vyeo sivitaki, vilishakwenda. Lakini nimemwambia mtoto miaka hamsini na tano kwamba hii ni nyumba yake. Nikifa pameandikwa kwa wino kwamba si wangu, atajua nilimdanganya." Jean alipoambiwa alisema haina shida, ni karatasi tu. Aliaga, akatoka, na Ghati akamwona dirishani ameketi garini robo saa nzima bila kuwasha gari. Basi hilo ndilo lililokuwepo: wiki sita, na kalamu ya wino ikingoja mwisho wake.

Ghati hakuwa na la kufanya ila kuendelea kusoma, angalau Bibi apate cha kusikiliza. Akarudi nyuma kwa malodi. Ndipo alipofika kwenye tarehe mbili ambazo alikuwa ameshazipita mara nyingi. Archibald, Lodi wa pili, alizikwa mwaka 1659. James, Lodi wa tatu, mwana wa Archibald, alibatizwa mwaka 1668. Pembeni Bwana Malcolm alikuwa ameandika kwa mkono wake: kosa la mwandishi wa kale, isomeke 1658. Kabla yake baba yake alikuwa ameandika hivyohivyo, na kabla ya baba yake mtu mwingine. Miaka mia na zaidi wamekuwa wakimsahihisha yule karani. Ghati akazisoma mara tatu, akafunga jalada, akaomba ruhusa arudi nyumbani siku moja mapema. Hakuwahi kuomba hivyo hata alipokuwa mgonjwa.

Nilimkuta mlangoni kwangu natoka kazini.

"Mama Gwakisa, umeshatoka shift?"

"Nimetoka. Kwani leo si upo Springfield?"

"Nimeomba off. Nina neno nataka ulisikie, halafu unyamaze nalo."

Tukaingia jikoni. Nikaweka chai. Hakuigusa.

"Baba yangu alifariki mwaka sitini na moja," alisema. "Mimi nimezaliwa sitini na nane."

Nikacheka. Naliandika hapa kwa sababu nilimwahidi nikiandika nitaandika yote. Nilicheka, nikasema, "Dada Ghati, hiyo mimba ilikuwa ya tembo wangapi?"

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Na wewe umecheka kama yule wa fomu."

Akanieleza. Marwa, baba yake, alikuwa na boma na ng'ombe, na mke mmoja tu, Robi. Hawakujaliwa mtoto. Marwa akafa. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo hafungi nyumba. Robi alichukua ng'ombe wa mumewe, akatoa mahari, akamwoa msichana anayeitwa Bhoke kwa jina la Marwa, akamleta bomani. Wenyewe huita nyumba ntobhu. Bhoke alizaa na mtu aliyeonekana anafaa, na mtu huyo hakuwa na dai lolote, kwa kuwa ng'ombe waliotolewa walikuwa wa Marwa. Watoto wakawa wa Marwa. Ghati ndiye wa kwanza, nyuma yake wavulana watatu. Robi waliyemwita bibi ndiye aliyewasomesha, ndiye aliyewachapa, na jioni ndiye aliyewakalisha na kuwataja babu za Marwa hadi wakayashika majina bila kukosea.

"Nilipokuja huku," alisema, "nikaenda kwa mtu mmoja wa kujaza fomu. Pale pa baba nikaandika Marwa, na mwaka aliokufa. Yule jamaa akahesabu kwa vidole. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Akasema nikiipeleka hivi wataniona liar. Niandike hajulikani. Nikaandika, Mama Gwakisa. Mtu ambaye kaburi lake nimelifagia tangu utotoni, nikaandika hajulikani. Na kila fomu iliyofuata ikabidi ifanane na ile ya kwanza."

Nilimwomba radhi, akanipokea, na mpaka leo nikiukumbuka ule utani wa tembo naona aibu.

"Sasa yule James wa Springfield hana kosa la tarehe," akaendelea. "Yule karani alijua kuandika. Yule ni mtoto wa nyumba kama yetu."

"Dada, Wazungu hawana mambo hayo."

"Kama hawana, basi maiti wao wanazaa."

Kesho yake akarudi Springfield akamwambia Bibi Elspeth, ingawa habari za Robi hakuzitaja. Alisema tu: tuamini tarehe, tutafute mama wa James. Bibi akasema masanduku ya babu yake yako juu ya gereji. Jean akapanda ngazi. Wiki tatu wanawake watatu walikaa katikati ya vumbi, mmoja anapekua, mmoja anasoma, mmoja anatazama masikio ya wenziwe na kukumbuka. Hawakupata kitu kwenye barua wala kwenye hati za ardhi. Walikipata ndani ya kitabu cha nota za piano: kurasa mbili, mwandiko wa babu yake Elspeth, alizonakili ujanani alipokwenda Edinburgh kuziona hati zenyewe.

Ilikuwa hati ya mwaka 1674. Grizel, mjane wa Archibald, ameurudisha ulodi mikononi mwa mfalme, na mfalme ameutoa upya, kwake yeye kwa maisha yake yote, na baada yake kwa James, mtoto wa Isobel mtumishi wake, aliyezaliwa na kulelewa chini ya paa lake, ambaye atachukua jina na ngao ya Kinvarrie na kuhesabiwa mwana wa mume wake marehemu. Chini kabisa babu alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: tusiliseme hili.

Bibi Elspeth alicheka hadi akaletewa maji. Mjenzi wa daraja, baba wa maerli, mzizi wa kila Kinvarrie aliye hai pande zote mbili za bahari, alikuwa mtoto wa mtumishi. Kisha kicheko kikaisha, akauliza nani ataisoma hati mbele ya watu. Yeye hawezi kuona. Jean alikataa, alisema hawezi kujiombea. Wote wawili wakamgeukia Ghati.

Alexandria niliwapeleka mimi kwa gari langu, Jumamosi asubuhi. Nakiri nilikwenda pia kwa umbea. Ukumbi ulikuwa umejaa watu kama sabini, wanaume wazima wenye heshima zao wamevaa sketi za mistari za Kiskoti zenye mikunjo iliyopigwa pasi kuliko sare za shule. Karatasi ya nasaba ilitandikwa juu ya meza tatu zilizounganishwa. Bwana Malcolm alisimama kichwani mwa meza, mzee mwembamba, msafi, kalamu mbili za wino zimelala mbele yake juu ya kitambaa. Baada ya chakula aliuliza kama kuna mwenye neno kabla hajaanza. Bibi Elspeth akainua mkono kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akasema neno lake litasomwa na Ghati Marwa.

Ghati akasoma. Alisoma kama anavyosoma kila asubuhi, bila haraka, na majina yote ya Kiskoti yakatoka yalivyo. Alipofika kwa Isobel mtumishi, minong'ono ilianza nyuma. Alipomaliza, Bwana Malcolm aliomba zile kurasa, akazitazama, akazirudisha mezani kwa uangalifu.

"Hii ni nakala, si hati," alisema. "Na hata tukiiamini, inamhesabu James mwana wa Archibald; basi Archibald alimzaa na yule mtumishi kabla hajafa. Mwaka wa ubatizo umekosewa, ndiyo tulivyosema siku zote. Hakuna mwanamke mwenye akili timamu ambaye angempa mtoto wa mtumishi jina la mtu aliyekufa miaka tisa nyuma." Akamwangalia Ghati, si kwa ukali. "Niwie radhi, mama. Wewe utajuaje yule mwanamke alimaanisha nini?"

Lilikuwa swali la haki, na mimi peke yangu mle ukumbini nilijua jibu lake lina gharama gani. Nilitaka nimshike mkono tutoke. Ghati alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Aliangalia chini kidogo. Kisha akanyoosha mgongo.

"Naitwa Ghati," alisema. "Baba yangu ni Marwa, mwana wa Chacha, mwana wa Nyamhanga, mwana wa Mwita, mwana wa Magige. Naweza kuendelea hadi kumi na wawili, lakini wa kwanza anatosha. Marwa alikufa miaka saba kabla sijazaliwa. Hilo si kosa la mwandishi."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamelelewa vizuri kuliko mimi.

Akawaeleza habari za Robi na ng'ombe na Bhoke, kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia. "Robi alikuwa na akili timamu," alisema. "Alikuwa na nyumba, na hakutaka ifungwe. Leo nyumba ile ina watu arobaini na watatu. Wote ni wa Marwa, kwa sababu Robi alisema hivyo na akatoa mahari, na wazee wakakubali. Grizel naye alisema, na mfalme akakubali. Ndiyo maana nyie mpo hapa. Bibi Elspeth amesema tangu mwaka 1970."

Bwana Malcolm alitaka kusema kitu. Ghati hakumpa nafasi.

"Mimi kwenye karatasi za nchi hii niliandika baba yangu hajulikani," alisema. "Niliona aibu mbele ya mtu aliyenicheka. Miaka yote hii nimeishi nalo lile neno, nawaambia linauma. Msimwandikie mwenzenu neno la namna hiyo. Wino ukishakauka mtashindwa kulitoa."

Akaketi. Nikamshika mkono. Nilitaka kuwaambia watu wale kwamba kwetu tunasema kitanda hakizai haramu, na kwamba mwanamke huyu anapanda treni mbili na basi moja kuja kuwafundisha ukoo wao, lakini neno la siku ile lilikuwa lake, si langu. Nimempenda Ghati kwa mambo mengi. Siku ile nilijivunia kujuana naye.

Bwana Malcolm aliinama juu ya meza. Aliweka kidole kwenye jina la James, akakishusha polepole, kizazi kwa kizazi, akiivuka bahari, akipita Virginia yote, hadi kidole kikafika kwenye jina lake mwenyewe na majina ya wajukuu zake chini yake. Alikaa hapo. Mtu aliyefanya sheria miaka arobaini hahitaji kuambiwa kwamba kanuni ya damu, ikitumika pale juu kwa James, inaangusha kila kilichoandikwa huku chini.

Akaisogeza mbali ile kalamu ya wino, akachukua penseli yenye kifutio.

"Jean," alisema, "jina lako la kati ni nani?"

Jean alikuwa amesimama karibu na mlango, bado na koti lake. "Alice," alisema.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na kwa asiyeona, kimya hakimwambii kitu. Bibi Elspeth alinyoosha mkono hewani akimtafuta Ghati hadi akaipata sketi yake.

"Ghati, mbona siwasikii? Ameandika?"

"Bado, Bibi," Ghati alisema. "Anafuta kwanza."